Taa za Kurudi Nyuma Siku ya Posa

Ndugu zangu, leo nimeaibika mchana kweupe. Nawaandikia mwenyewe, kabla habari haijawafikia kupitia waosha magari wa ziwani, ambao tayari wanaisimulia kwa Kijaluo, kwa Kiswahili na kwa vitendo. (Vitendo ndivyo vinavyoniuma zaidi. Nimeviona.)

Nianze na shukrani. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Kilichobaki ni aibu tu, na aibu haijawahi kuvunja mfupa wa mtu.

Mnajua kwamba leo baada ya Alasiri nilipaswa kwenda Kaloleni kuposa kwa niaba ya Twalib, mtoto wa marehemu ndugu yangu, niliyemlea mimi. Twalib anafundisha shule huko Sondu. Ana adabu, ana sala, na amempenda Rehema, binti wa Mzee Sefu. Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo ni Mzee Sefu mwenyewe. Ameendesha malori maisha yake yote, na amestaafu akiwa na imani moja ya ziada juu ya zile tunazozijua sote: kwamba mwanamume hujulikana kwa gari lake. (Nimeitafutia hadithi ya kuiunga mkono. Sijaipata.) Posa ya kwanza iliyokuja kwa Rehema ilirudishwa mlangoni kwa sababu gari la wageni lilikuwa na tairi kipara.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nalitoa gari langu uwanjani kwa kurudi nyuma. Mzee Sefu akasimama, mikono nyuma, akatazama mpaka nilipomaliza.

"Maalim," akasema, "taa zako za kurudi nyuma haziwaki."

"Haziwaki?"

"Gari linarudi nyuma kimya kama mwizi wa kuku. Kesho ukija, nitazunguka nyuma kwanza. Ndipo tuzungumze habari ya kijana."

Alisema akitabasamu, lakini namjua. Hata mwenye tairi kipara alitabasamiwa. Nikaenda nyumbani nikijua kwamba ndoa ya Twalib inaning'inia kwenye balbu mbili.

Leo asubuhi, baada ya Alfajiri, nikasema Bismillahi nikafungua boneti. Sijui kwa nini nilifungua boneti. Taa ziko nyuma. (Wanaume wote hufanya hivyo, msinilaumu peke yangu.) Nikatazama injini kwa heshima, nikaifunika tena.

Kisha nikaanza kazi yenyewe. Nikaingia ndani, nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikatoka, nikazunguka kutazama. Hakuna kitu. Nikazitoa zile balbu nikazijaribu mahali pa indiketa. Nikawasha ufunguo, zikawaka vizuri kabisa, tik, tik, tik. Basi balbu ni nzima. Nikazima, nikatoa ufunguo nikautia mfukoni mwa kanzu, maana mimi ni mtu mwangalifu. Nikazirudisha balbu mahali pake, nikaweka gia ya kurudi nyuma, nikazunguka. Hakuna kitu. Nikatazama fyuzi. Nzima. Nikaisugua kwa ncha ya kanzu hata hivyo, nikairudisha. Hakuna kitu.

Nikakaa kwenye kizingiti. Balbu inawaka pale, haiwaki hapa. Ni balbu ileile, ni gari lilelile, ni mimi yuleyule. Nimefundisha watoto wa mji huu kusoma kwa miaka, nimewaeleza mambo magumu ya mirathi wakaelewa, lakini jambo hili lilinipita.

Baada ya Adhuhuri nikapakia zawadi za posa kwenye kiti cha nyuma: sukari, majani ya chai, khanga, na mkeka uliokunjwa ambao ulisimama ukaziba kioo chote cha nyuma. Nikaenda kwa Bwana Odhiambo. Huyu ni rafiki yangu wa zamani, msomaji wa masomo kanisani kwao, na kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa nyaya za simu. Tulikubaliana tangu wiki iliyopita kwamba ataandamana nami kwenye posa. Nilimkuta amekwisha kuvaa koti na tai.

"Odhiambo," nikasema, "wewe unajua nyaya."

"Nyaya za simu, Maalim."

"Kwani si ni umeme?"

Akafikiri. "Ni umeme wa kuongea. Lakini wacha tuone."

Nyumba ya Odhiambo iko juu kidogo ya ufuo, kwenye njia ya mteremko inayoshuka mpaka pale magari yanapooshwa ndani ya ziwa. Gari langu lilikuwa limeelekeza pua juu, barabarani, na mkia chini, ziwani. Naomba mkumbuke hivyo. Mimi nilisahau.

Odhiambo akalala chini ya gari, juu ya gunia, na tai yake kifuani. Akavuta waya huu, akafunga ule. Mimi nikaweka gia ya kurudi nyuma. Akatoka, akatazama. Hakuna kitu. Akalala tena. Akatoka tena. Hakuna kitu. Tukabadilishana nafasi, yeye kwenye gia, mimi nyuma, pengine gari lilikuwa limenichoka. Hakuna kitu.

Ghafla akanitazama. "Omera, ndugu yangu, ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni. Mimi ni mtu mwangalifu."

"Hii taa haiwezi pata moto kama ufunguo iko mfukoni."

Asubuhi nzima, ndugu zangu. Asubuhi nzima nilikuwa nikilaumu taa kwa kutofanya kazi huku nimeizimia umeme na kutembea nao mfukoni.

Tukacheka. Tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa namna yake. Nikatia ufunguo, nikauzungusha, nikaweka gia ya kurudi nyuma. Odhiambo akatazama.

Hakuna kitu.

Hapo ndipo akili yangu ilipochanganyikiwa kweli. Kumbe gari lilikuwa na ubovu wake, na mimi nilikuwa na wangu, na mawili hayo hayakujuana.

"Washa injini," akasema Odhiambo. "Gari ikitetemeka, waya uliolegea unaweza kushika. Na jua ni kali, siwezi kujua kama inawaka ama ni jua tu. Ngoja."

Akavua koti. Akainama nyuma ya gari, akajifunika koti hilo kichwani pamoja na taa, kama wale wapiga picha wa zamani waliokuwa wakiingia ndani ya kitambaa. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni: miguu miwili na koti. Sikuona zaidi, maana mkeka ulikuwa umeziba kila kitu.

Nikawasha injini. Mguu mmoja kwenye klachi, mmoja kwenye breki, gia ya kurudi nyuma.

"Vipi?" nikauliza.

"Bado," likajibu koti.

Wakati huohuo ikashuka pikapu ya wachuuzi wa samaki kutoka barabarani, imejaa vikapu vitupu, ikanijia usoni. Njia ni nyembamba. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa.

"Mzee, rudi nyuma kidogo nipite hapo kwa lango."

Ombi la haki. Lango lilikuwa ubavuni mwangu. Nikainua mkono kumkubalia, nikalegeza breki kidogo, gari likaanza kurudi polepole. Nikamwuliza Odhiambo, kama dereva yeyote mwenye busara anavyomwuliza mtu aliye nyuma:

"Vipi huko nyuma?"

"Bado!"

Vizuri. Nafasi bado ipo. Nikarudi.

"Vipi sasa?"

"Bado!"

Nikarudi zaidi. Pikapu ikaingia langoni, dereva akanipungia mkono wa shukrani. Nami nikafikiri, kwa kuwa nimekwisha kuanza na nafasi ingalipo, nitafute mahali tambarare nigeuze gari.

"Odhiambo, bado?"

"Bado kabisa!"

Mtu akikuambia bado kabisa, utafanyaje? Mimi nilitulia. Nilimwona kwenye kioo akirudi nyuma sambamba na gari, ameinama, kichwa ndani ya koti, miguu ikienda kinyumenyume kwa uaminifu mkubwa. Nilijiambia, huyu ndiye rafiki. Gari lilikuwa likiteremka lenyewe sasa, taratibu, nikasikia sauti kama ya maji lakini nikadhani ni ya akina mama wanaofua.

Kisha miguu yangu ikaingia baridi.

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yakiingia kwa mlango, yakizunguka pedali bila haraka, kama mgeni anayejua atakaribishwa. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likagonga jiwe ndani ya ziwa, gari likatikisika, injini ikakohoa ikazimika.

Na katika ukimya ule nikasikia sauti ya Odhiambo, yenye furaha ambayo sijaisikia kwake tangu alipostaafu:

"Imewaka!"

Akatoa kichwa kwenye koti ili anipongeze. Hapo ndipo alipogundua kwamba amesimama ndani ya Ziwa Viktoria, maji yakiwa juu ya magoti, na ncha ya tai ikielea.

"Maalim," akasema, "tuko wapi?"

"Mbona hukuniambia kuna ziwa?"

"Uliniuliza taa. Ziwa hukuuliza."

"Ulisema bado kabisa!"

"Kwani ilikuwa inawaka?"

Nimelitumia neno "bado" tangu utotoni na sikujua kwamba limebeba watu wawili, na kwamba siku moja wote wawili wangeshuka katika gari langu.

Nilipoinua macho niliona gari limekwisha kuzungukwa. Waosha magari walikuwa wamefika na ndoo zao. Kwao gari likiingia ziwani ni kazi imekuja, na hawakuona sababu ya kuuliza maswali. Mmoja wao, mtu mzima anayeitwa Ouma, alikuwa tayari ameshapaka sabuni paa lote.

"Karibu, Jaduong', mzee wetu," akasema. "Wengi huingiza kichwa kwanza. Wewe umeleta rivasi. Hii ni staili mpya."

"Sikuja kuosha gari."

Akasimama na kitambaa mkononi. "Sasa umekuja kufanya nini hapa?"

Swali la haki tena. Nikafungua mlango nishuke nimweleze, na kanzu yangu nyeupe, kanzu ya posa, ikajaa upepo na maji kwa pamoja, ikafura pande zote kama kuba la msikiti. Waosha magari wakanyamaza kwa adabu. Kisha mmoja akashindwa. Kisha wote.

Ndipo nikasikia sauti niliyoijua ikitoka upande wa kushoto.

"Maalim."

Gari la pili kutoka langu lilikuwa la kijani, safi, limeoshwa likang'aa. Na kando yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, kitambaa kikiwa begani, alisimama Mzee Sefu. Alikuwa amekuja kuosha gari lake kwa heshima ya wageni wa Alasiri. Yaani mimi.

"Asalaam aleikum, Mzee Sefu," nikasema. Ningefanya nini?

"Waaleikum salaam." Akaja polepole ndani ya maji. Kama alivyoahidi, akazunguka nyuma kwanza. Injini ilikuwa imezimika, lakini ufunguo ulikuwa bado umezungushwa na gia bado ipo mahali pake, hivyo taa zote mbili za kurudi nyuma zilikuwa zikiwaka chini ya maji, nyeupe, na visamaki vimekusanyika mbele yake kama wanafunzi wangu wa jioni. Mzee Sefu akazitazama.

"Nilikuambia uzitengeneze," akasema. "Sikukuambia uzibatize."

Nikamsikia Odhiambo, msomaji wa kanisa, akikohoa sana.

Nilitaka kuzama kabisa, lakini maji hayakutosha. Nikawaza habari ya Twalib, aliye Sondu akisubiri neno langu, na jinsi nitakavyomwambia kwamba mchumba wake amepotea kwa sababu baba yake mdogo hajui maana ya bado.

Mzee Sefu akapanda ufuoni, akarudi na kamba. "Gari halitawaka leo. Nitakuvuta." Akainama kufunga, kisha akaacha. "La. Siwezi kukuvuta."

"Kwa nini?"

"Fikiri, Maalim. Leo Kaloleni wote wanajua naletewa posa. Wakiniona nimewafunga wageni wa posa kwa kamba nawaburuta mpaka kwangu, watasema nini? Watasema Sefu amekosa mkwe mpaka ameenda kumvua ziwani."

Kweli. Mila ni mila. Wageni wa posa huja kwa miguu yao, hubisha hodi, hungoja. Baba wa binti hukaa kwenye kiti akijifanya hana haraka. Nikamwona kwa mara ya kwanza Mzee Sefu akiwa na wasiwasi kuliko mimi.

"Tuahirishe," akasema Odhiambo, akikamua tai.

"Nilisema leo baada ya Alasiri," nikasema. "Nitakuja hata kwa miguu. Hata hivi nilivyo."

Mzee Sefu akaniangalia kuanzia kilemba mpaka majini. Kisha akafunga kamba.

"Nitawavuta mpaka kona ya muuza mkaa. Hapo nafungua. Mnipe nafasi nifike nibadili nguo nikae. Kisha mje. Sijawaona leo."

"Hujatuona," nikasema.

Tukatolewa ziwani, magugu maji yakining'inia kwenye bampa kama mapambo ya harusi ya mtu mwingine. Ouma na wenzake wakasukuma. Sabuni ilikuwa bado juu ya paa, ikawa inapeperuka njia nzima na kuwaangukia watu. Kwenye kona akafungua kamba, akaondoka bila kugeuka. Mimi na Odhiambo tukaswali na kusubiri, yaani mimi niliswali, yeye alisubiri, kisha tukalisukuma gari mpaka langoni, wazee wawili tuliolowa, muuza mkaa akitusaidia na kutuachia alama za mikono yake kila mahali.

"Hodi," nikasema.

"Karibuni, karibuni," akajibu Mzee Sefu kutoka kitini, kanzu kavu, miguu imekunjwa. "Habari za siku nyingi? Tumepoteana."

"Tumepoteana sana," nikasema.

Akatoka kuzunguka nyuma ya gari, majirani wakitazama. Nikazungusha ufunguo, nikaweka gia. Zikawaka. Odhiambo anasema ni waya uliolegea uliorudi mahali pake kwa lile jiwe. Muuza mkaa anasema ni maji. Mimi sijui, na nimechoka kutojua.

"Zinawaka," akasema Mzee Sefu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

Mama Rehema akatandika mkeka wake. Nilipokaa, maji yakaanza kutoka kwangu kwenda kila upande.

"Kwenu kumenyesha, Maalim?" akauliza.

"Kidogo, mama."

Akainama, akaokota kitu kwenye pindo la kanzu yangu. Jani la gugu maji, na mzizi wake. "Na mvua ya kwenu siku hizi inanyesha na magugu?"

Mzee Sefu akatazama dari. Odhiambo akatazama viatu vyake. Mimi nikasema Bismillahi nikaanza hotuba ya posa, maana sikuona njia nyingine. Nilisema tulichojia. Nilisema Twalib ni mtoto mwema. Nilipiga chafya mara kadhaa, lakini nilimaliza.

"Swali moja," akasema Mzee Sefu. "Huyu kijana, gari hili ndiye atakayeliendesha?"

"La. Yeye ana baiskeli."

"Alhamdulillahi."

Akainuka, akaingia chumbani kumwuliza binti. Tukasikia minong'ono. Kisha tukasikia kicheko cha Rehema, kikakatwa, kama amejiziba mdomo kwa khanga, kikatoka tena. Kilidumu. Mama Rehema akaingia kumnyamazisha, naye hakurudi, tukasikia vicheko viwili.

Mzee Sefu akatoka, uso umekaza kwa nguvu zake zote. Akakaa. Akakunja miguu.

"Binti amekubali," akasema. "Nami nimekubali. Mtu anayekuja kuniona akiwa amelowa hivi hawezi kuwa amelea kijana mzembe. Lakini nina sharti moja, na halijadiliwi."

"Sema, Mzee."

"Siku ya harusi, bibi harusi ataletwa na gari langu, naendesha mimi. Wewe, Maalim, utakaa mbele kando yangu, mikono juu ya magoti, na hutagusa kitu."

Nikakubali. Tukasoma Fatiha, Odhiambo akainamisha kichwa pamoja nasi, tukanywa chai.

Basi, ndugu zangu, posa imepokelewa, na nawaalika nyote. Ila atakayecheka, na acheke leo amalize. Siku ile nitakuwa nimekaa kiti cha mbele, sina kazi yoyote mikononi, nawatazama mmoja mmoja.